Medali za Babu Ziko Wapi?

[Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.]

Karibu tena, wewe uliyeko Base Camp, Rubondo au Juru, na wewe uliyeteremka Mbarara kutafuta riziki. Kama hukutusikia hewani, haya ndiyo maneno ya kipindi cha leo. Na kama nyumbani kuna mzee ambaye macho yamechoka, tafadhali msomee.

Tunaanzia Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Kariokor. Mwanzoni mwa Novemba 2023 Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza alifika hapo akakutana na wazee wanne wa Kenya waliopigana Vita vya Pili vya Dunia. Aliwakabidhi medali. Hazikuwa heshima mpya. Zilikuwa medali za vita vile vile vilivyokwisha 1945, walizostahili tangu ujana wao na ambazo hawakuwa nazo tena.

Zilikwenda wapi? Wakenya wengi waliopigana vita hivyo walizitupa au kuziharibu kwa mikono yao wenyewe. Miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, medali yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza ndani ya nyumba ingeweza kukufanya uonekane kibaraka wa wakoloni. Mtu alipima: kipande cha chuma au shingo yake? Akachagua shingo.

Wewe hilo huhitaji kuelezwa. Hapa Nakivale wapo waliotupa kadi mtoni kabla ya kufika kwenye kizuizi, waliochana picha ya kaka aliyevaa magwanda, walioacha vyeti vya shule chini ya godoro kwa sababu jina lililoandikwa pale lingewaponza. Kisha unafika mezani kwa mwandikishaji, naye anauliza: ushahidi uko wapi? Swali letu la leo ni hilo hilo, ila tunaliuliza juu ya askari wa zamani. Kama daftari halikutaja alichokifanya, je, linaweza kurekebishwa?

Linaweza. Lakini kwanza tuone pengo linaingiaje.

Tuchukue askari wa mfano, Mganda, tusimpe jina. Ameingia Keya, ndivyo wazee walivyoliita jeshi la King's African Rifles. Waganda zaidi ya 70,000 waliandikishwa katika majeshi ya Afrika Mashariki wakati wa vita ile. Huyu wetu anapelekwa kwanza Abyssinia, yaani Ethiopia, kupigana na Waitaliano, ambao ngome yao ya mwisho, Gondar, ilisalimu amri tarehe 27 Novemba 1941. Baadaye anapandishwa meli hadi Ceylon, na mwaka 1944 yuko Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo batalioni ya 4 ya Uganda ilikuwamo, ilipita bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, matope hadi magotini, malaria na kuhara, mpaka ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Mtu wetu anarudi nyumbani akiwa hai.

Sasa hesabu na mimi. Aliyehudumu Abyssinia hata siku moja kabla Gondar haijaanguka alistahili Nyota ya Afrika. Aliyeingia katika mapigano ya Burma alistahili Nyota ya Burma. Miezi sita ya kazi ya vita ilimpa mtu Nyota ya 1939–1945, na siku 28 za utumishi wa jeshi zilitosha kumpa Medali ya Vita. Hizo ni nne. Lakini ukifungua hati yake ya kuachishwa jeshi, mahali pa medali unaweza kukuta moja tu, au mstari mtupu.

Sababu ya kwanza ni tarehe tu, na watu wengi huisahau. Nyota ya Burma ilianzishwa Mei 1945, Medali ya Vita ikafuata Agosti mwaka huo huo. Karani aliyemwachisha mtu mapema, labda kwa jeraha, hakuweza kuandika medali ambayo haikuwepo bado. Mstari mtupu haumaanishi kwamba askari hakufanya kitu. Unamaanisha kwamba karatasi ilijazwa kabla.

Sababu ya pili ni jina, na hapa nitakaa kidogo. Karani anaandika anachosikia. Byaruhanga anakuwa Biaruanga, jina la baba linageuka jina la ukoo, na kijana aliyejiandikisha kwa jina la utani kwa sababu alitoroka nyumbani anabaki nalo mpaka mwisho wa vita. Medali za Vita vya Kwanza zilichongwa ukingoni namba ya askari, jina lake na kikosi chake. Za Vita vya Pili ambazo Uingereza iliwapa askari wake zilitolewa bila jina lolote. Kwa hiyo hata ukiwa na nyota ya babu mkononi, chuma chenyewe hakisemi ni ya nani. Kinachosema ni daftari, na daftari linamjua kwa namba na kwa jina lile lililoandikwa vibaya. Ukienda kuuliza kwa jina sahihi tu utaambiwa hayupo.

Na wengine hawakuandikwa kabisa. Jina Kariokor, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale waliobeba risasi na unga kichwani wakafa kwa maelfu kwa njaa na homa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia dola ya Uingereza katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam miaka ya 1920 zinaonyesha nyuso, lakini hazina orodha ya majina.

[Muziki mfupi.]

Usidhani daftari hukosea kwa kupunguza tu. Mbarara, mji tunaoufuata kwa taksi kila tukitaka fotokopi nzuri, ulikuwa na kambi ya Batalioni ya Simba wakati wa Idi Amin. Amin alipenda kusimulia kwamba alipigana Burma, na alipokuwa rais alijivika medali kifuani mpaka koti likaelemewa, zikiwemo za ushujaa alizojipa mwenyewe. Rekodi za Keya zinasema aliingia jeshini 1946. Vita vilikwisha 1945. Mimi naona huu ni mfano mzuri kuliko yote wa kwa nini ofisi za medali zina ugumu: daftari linalokubali kila neno lingemfanya Amin shujaa wa Burma, na yule mtu wetu wa Kabaw angebaki na mstari wake mtupu.

Kambi hiyo hiyo ya Mbarara ilishambuliwa Septemba 1972 na Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania, wakashindwa. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda liliuteka mji. Sheria ya Uganda ya heshima na tuzo za taifa ilipitishwa 2001, na chini yake ipo Medali ya Kagera kwa waliopigana dhidi ya Amin kati ya 1971 na 1979. Kwa hiyo aliyepigana hapa jirani yetu alisubiri zaidi ya miaka 20. Ni jambo lile lile la Nyota ya Burma: karatasi ya 1979 isingeweza kutaja medali ya 2001.

Basi pengo linazibwaje? Tazama Marekani, ambako baadhi yenu mna ndugu. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza jengo la kumbukumbu za askari mjini St. Louis. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea. Serikali haikuweza kuwaambia watu hao wote kwamba hawakuwahi kuwa askari. Makarani walianza kukusanya vipande kutoka kwingine: orodha za mishahara, kumbukumbu za hospitali, taarifa za vikosi za kila siku. Kama jina lako lilikuwa katika orodha ya malipo ya kikosi fulani mwezi fulani, na kikosi hicho mwezi huo kilikuwa vitani, basi nawe ulikuwepo. Na huko rekodi ikirekebishwa, hati ya zamani haichanwi. Hutolewa hati ya pili inayosema: pale palipoandikwa hivi, soma hivi. Napenda utaratibu huo. Kosa linabaki likionekana, na masahihisho yanaonekana kando yake.

Ndugu zetu wa Kongo mtauliza: na sisi? Force Publique, jeshi la Kongo ya Ubelgiji, liliiteka Tabora Septemba 1916. Mwaka 1941 lilipanda hadi Abyssinia likapigana Asosa na Gambela, na mwezi Julai jenerali wa Kiitaliano akasalimu amri huko Saio. Wengine walifika mpaka Burma wakihudumu katika hospitali ya vita. Mmoja wao, Koplo Albert Kunyuku, alivikwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa mwezi Juni 2022. Alikuwa na umri wa miaka 100, na ndiye askari wa mwisho wa Kongo wa vita ile aliyejulikana kuwa hai. Picha za siku hiyo zilienea sana. Wachache walijiuliza habari za wenzake waliokufa wakisubiri.

Kwao kuna watoto na wajukuu, na hapo unaingia wewe. Uingereza, medali ambayo askari alistahili na haikuwahi kutolewa inaweza kuombwa na mrithi wake baada ya kifo, na ombi hilo halitozwi ada. Nyaraka nyingi za Kongo ya Ubelgiji ziko Brussels. Atakayekuambia hapa kijijini kwamba atakupatia medali na fidia ya babu ukimpa shilingi kadhaa za kufungulia jalada, mkatalie.

Kinachotakiwa kwanza ni namba ya jeshi. Inaweza kuwa kwenye hati, kwenye barua ya zamani, hata nyuma ya picha. Kisha kikosi, mwaka wa kuingia na wa kutoka, na jina kwa kila namna lilivyopata kuandikwa. Waulize bibi na shangazi, maana wao ndio wanaokumbuka kwamba babu aliitwa jina jingine jeshini. Nyimbo alizoimba na maneno ya Kihindi aliyorudi nayo si ushahidi wa kutosha ofisini, lakini yatakuonyesha utafute upande gani.

Neno moja la tahadhari. Tunazungumza juu ya vita vya babu zetu. Kama wewe mwenyewe au mtu wa nyumbani alitumika katika jeshi au kundi la miaka ya karibuni, hilo lina sheria yake na hatari yake. Mweleze mwanasheria au afisa wa ulinzi wa wakimbizi, faraghani. Si la kusimuliwa kwenye kibanda cha chai.

Na kama karatasi ya babu ipo kweli, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki juu ya dari, ishushe leo kabla mvua haijaanza. Usiipige pasi, usiibandike gundi. Iweke kwenye mwanga wa mlangoni uipige picha kwa simu, mbele na nyuma, ukisogeza karibu pale penye mihuri na namba, kisha mtumie nduguye aliye mbali ili nakala isikae nyumba moja.

[Muziki unapanda.]