Mabawa Yanapokaribiana: Historia ya Maegesho ya Ndege Chini ya Kilimanjaro

Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, ambacho watu wa Moshi na Arusha hukiita KIA, kilifunguliwa mwaka 1971 katika tambarare ya Hai kwa mkopo wa serikali ya Italia, ili watalii wa mlima na wa mbuga za kaskazini wasilazimike kupitia Nairobi. Barabara yake ya kurukia na kutua ndege, yenye urefu wa takriban mita 3,600, ilijengwa kwa kutazama mbali. Lakini usalama wa ndege zikiwa ardhini hautegemei urefu huo peke yake, bali pia nafasi inayobaki baina ya mabawa katika maegesho na katika viungio, yaani zile barabara nyembamba zinazounganisha maegesho na barabara kuu.

Wakati huo ndege kubwa ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilikuwa Super VC10, iliyokuwa na takriban mita 44.6 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine, ilhali Boeing 787 ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2018 ina mita 60. Ongezeko hilo linakaribia kulingana na upana wa mabawa yote mawili ya Cessna Caravan, ile ndege ya injini moja inayopeleka watalii Serengeti. Watengenezaji walirefusha mabawa kwa sababu bawa refu hupunguza matumizi ya mafuta, na gharama ya kutafuta nafasi ardhini wakawaachia wenye viwanja.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) huzipanga ndege kwa herufi A hadi F kulingana na upana wa mabawa, na kwa kila herufi huweka nafasi ya chini kabisa inayotakiwa kubaki kati ya ndege inayoingia maegesho na kitu kilicho jirani: mita 3 kwa zile ndogo, mita 4.5 kwa kundi C, na mita 7.5 kuanzia kundi D. Kwenye karatasi nafasi hiyo yaonekana kubwa. Hata hivyo, mstari wa rangi uliochorwa chini huongoza gurudumu la mbele tu, rubani wa ndege nyingi kubwa haoni ncha ya bawa lake akiwa kitini, na bawa lililoinamia nyuma, ndege inapokata kona, huzunguka nje zaidi ya pale jicho linapotarajia.

Aprili 11, 2011, katika kiwanja cha John F. Kennedy jijini New York, bawa la Airbus A380 ya Air France liligonga mkia wa ndege ndogo iliyosimama ikisubiri kuingia maegesho, likaizungusha mzima mzima, ingawa hakuna aliyekufa. Mwaka uliofuata Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ilipendekeza ndege kubwa ziwekewe vifaa, kama vile kamera, vya kumwonyesha rubani ncha za mabawa yake.

KIA haina msongamano wa New York, lakini ina mchanganyiko wa ndege kubwa na ndogo, na mchanganyiko huo ndio mgumu zaidi kuusimamia. Desemba 18, 2013 ndege ndogo iliyoharibika ilikwama katika barabara pekee ya kiwanja hicho, na Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, yenye mabawa ya zaidi ya mita 47, ikaishia kutua katika kiwanja cha Arusha, ambacho barabara yake ilikuwa na takriban mita 1,600 tu. Ilipojaribu kugeuka mwishoni, magurudumu yaliingia kwenye majani. Mabawa hayakugusana na chochote, ila ilidhihirika kwamba ndege ndogo yaweza kuifungia njia ile kubwa.

Katikati ya miaka ya 2010 maegesho na viungio vya KIA vilikarabatiwa kwa fedha za Tanzania na Uholanzi. Upanuzi wowote utakaofuata unapaswa kuzitengea Caravan eneo lao kabla ya kuongeza nafasi za ndege kubwa.