Kukaba Uwanja, Si Mtu

Wadau, kimya changu kilikuwa cha mitihani. Nimerudi, ila nimerudi na aibu ya Jumamosi, na nisipoisema hapa sitalala.

Mnakumbuka niliwaambia nimejiunga na timu ya altimeti hapa chuoni New Jersey, ule mchezo wa kurushiana kisahani cha Frisbee? Basi Jumamosi tulikuwa na mechi, na upepo ulikuwa wa kuezua mapaa. Nahodha akasema leo hakuna kukaba mtu kwa mtu, tunakaba kanda. Mimi nikapewa ubavu wa kulia. Nilitulia kama dakika mbili hivi. Halafu damu ya chandimu ya Temeke ikanichemka: nikaona kisahani kinazunguka katikati, nikakifuata. Wapinzani wakarusha kule nilikotoka. Bao. Mwishoni nikarudia kosa lile lile, na bao hilo ndilo lililotumaliza, 13 kwa 11.

Hakuna aliyenigombeza. Nahodha aliniuliza tu, "Ulikuwa unamkaba nani?" Nikajibu, "Kisahani." Akacheka kidogo, akaondoka. We acha tu! Ugenini huku hawa jamaa ndio pekee wanaonigongea mlango jioni twende kula. Nikaogopa kesho yake wasigonge.

Jumapili nikajifungia maktaba kusoma huu ukabaji ulitoka wapi. Si unajua tena, mtu wa historia akiumia hukimbilia vitabu.

Altimeti yenyewe ni mtoto wa jimbo hili hili. Mwaka 1968 Joel Silver, mwanafunzi wa sekondari ya Columbia mjini Maplewood (ndiye aliyekuja kuwa mtayarishaji wa filamu ya The Matrix), alipendekeza mchezo huo kwenye baraza la wanafunzi, nusu utani. Wakawa wanacheza usiku kwenye maegesho ya magari ya shule, chini ya taa. Tarehe 6 Novemba 1972 vyuo viwili vikakutana kwa mara ya kwanza: Rutgers 29, Princeton 27. Vyuo hivyo hivyo, tarehe hiyo hiyo ya mwaka 1869, ndivyo vilivyocheza mechi ya kwanza ya vyuo ya futiboli ya Kimarekani.

Lakini kukaba kanda ni kukongwe kuliko altimeti. Kwenye mpira wa kikapu, wengi humtaja kocha Cam Henderson wa West Virginia. Husimuliwa kwamba mwaka 1914 paa la ukumbi lilivuja, sakafu ikateleza, vijana wake wakawa wanaanguka kila wakijaribu kuwafuata wapinzani. Basi akawaambia kila mtu asimame kwenye eneo lake, amsubiri atakayekuja. Tazama hapo: mbinu hii haikuzaliwa na uvivu. Ilizaliwa na sakafu mbaya.

Wengine hawakuipenda. Januari 1947 ligi ya kulipwa ya Marekani, ambayo leo ni NBA, iliipiga marufuku ili mchezo usidorore. Mwaka huo huo Henderson akaipa timu yake ya chuo cha Marshall ubingwa wa mashindano ya taifa ya vyuo vidogo. Marufuku ya NBA ilidumu hadi msimu wa 2001/02.

Altimeti haikupiga marufuku, iliweka mpaka. Mwenye kisahani haruhusiwi kukimbia nacho, na ana sekunde 10 tu, anahesabiwa kwa sauti na anayemkaba. Ila ndani ya mita 3 kutoka kwake anaruhusiwa mkabaji mmoja tu, labda wa pili awe anamkaba mshambuliaji mwingine aliye hapo. Sheria hiyo ndiyo iliyochonga kile tunachokiita kikombe: mmoja anambana mrushaji, wawili wanasimama nje kidogo ya zile mita 3 kuziba njia za katikati. Nyuma yao yupo mmoja wa kati, wawili wa ubavuni, na mmoja wa mwisho kabisa. Jumla saba.

Sasa upepo unaingiaje? Upepo mkali unayumbisha pasi ndefu, kwa hiyo mshambuliaji analazimika kupiga pasi fupi fupi, nyingi mno, pembeni na kurudi. Kila pasi ni nafasi ya kudondosha. Mkabaji hana haja ya kunyang'anya kitu, anasubiri tu. Na kusubiri huko kunafaa pale tu ambapo wote saba wapo mahali pao. Wale watatu wa kikombe walikimbia Jumamosi nzima wakiamini ubavu wa kulia una mtu. Haukuwa na mtu.

Ndipo nikaelewa lile swali. Kwenye mtu kwa mtu, nikizidiwa nimezidiwa mimi na jamaa yangu, kila mtu anaona. Kwenye kanda nilikuwa nawakabia wenzangu sita, nao wananikabia mimi. Mimi nikadhani kusimama ni kutofanya kazi.

Jumapili jioni, saa kumi na mbili na nusu, mlango ukagongwa. Wote walikuwepo. Njiani nikamwomba nahodha kitu kimoja: mazoezi ya kesho anirudishe ubavu ule ule. Akasema, "Kwani nani alikutoa?"

Haya wadau, niombeeni upepo. Tupo pamoja.