Galega, Mmea wa Shifaa na Sumu

Katika nchi za kusini mwa Ulaya na magharibi mwa Asia humea mmea wa jamii ya kunde, uitwao na wajuzi Galega officinalis, ambao waganga wa zama za kati waliwanywesha wagonjwa wa homa na tauni, na wafugaji wakausadiki kuwa huongeza maziwa, ingawa kondoo aliyeula kwa wingi aghalabu alikufa. Sifa hizo mbili, ya shifaa na ya sumu, hazikupata kuachana katika tarehe yote ya mmea huu.

Mwaka 1914 Mfaransa Georges Tanret alitoa ndani yake kiini kilichopewa jina la galejini. Na baada ya miaka minne C. K. Watanabe akabainisha kwamba guanidini, ambayo galejini ni ya ukoo wake, hupunguza sukari katika damu ya wanyama. Galejini ilipojaribiwa kwa watu katika miaka ya 1920, manufaa yake yakaonekana mafupi na sumu yake si haba. Na Sinthalini, dawa iliyoundwa Ujerumani mwaka 1926 kwa fikra hiyo hiyo ya guanidini, ikapokelewa kwa furaha na wagonjwa wa kisukari waliochoshwa na sindano za insulini, hata ilipodhihiri kwamba inaharibu ini, ikaachwa.

Kumbe dawa iliyotafutwa ilikuwa imekwisha patikana! Emil Werner na James Bell waliiunda metifomini, nayo ya ukoo wa guanidini, mjini Dublin mwaka 1922, pasina nia yoyote ya kutibu kisukari, na Wajerumani walioijaribu mwaka 1929 wakaona inashusha sukari ya sungura, hawakuifuatilia. Siwalaumu sana, maana insulini, iliyogunduliwa Toronto, ilikuwa imewarudisha watu kutoka mlango wa kaburi, na mbele ya muujiza kama huo nani angehangaika na sungura?

Ikabaki kwa tabibu Jean Sterne wa Paris, aliyepata kushughulika na galejini katika ujana wake, na ambaye alivutwa na habari za Eusebio Garcia wa Ufilipino, aliyewapa metifomini wagonjwa wa mafua makali, kutangaza mwaka 1957 kwamba inawafaa wenye kisukari. Hata hapo ilitanguliwa na jamaa yake fenfomini, yenye nguvu zaidi, mpaka miaka ya 1970, ilipoondolewa katika nchi nyingi kwa kuwa baadhi ya wagonjwa walijaa asidi ya laktiki damuni wakafa. Ile dhaifu ndiyo iliyosalimika, na leo vidonge vyake humezwa Lamu na Kigoma kama Paris. Wapo wasemao kwamba jani haliwezi kumdhuru mtu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeliotesha. Hao na wakawaulize wachunga kondoo.

Marekani iliiruhusu metifomini mwaka 1994. Galega yenyewe, iliyopelekwa jimbo la Utah nchini humo mwaka 1891 iwe malisho, ilitoroka mashambani ikaenea kando ya mifereji, na sheria ya nchi hiyo inaihesabu miongoni mwa magugu mabaya.