Mkutubi Alikuwa Muuzaji

Kitabu tulikipokea kutoka Kiarabu, tukaona kina "ki" mwanzoni, tukakitia kwenye ngeli ya ki-vi na kupata vitabu. Mwarabu akilisikia neno hilo hucheka, maana wingi wake yeye ni kutub. Ajabu ni kwamba hiyo kutub nayo tunayo: imo ndani ya mkutubi. Kitabu tumekifanya chetu, mtu wake tukamwachia wingi wa kwao.

Kwa miaka nilidhani mkutubi ni "mtunza vitabu" aliyevikwa joho. Kumbe katika Kiarabu cha zamani kutubi ni muuza vitabu. Msikiti wa Kutubiyya mjini Marrakech umebeba jina la wauza vitabu waliofanya biashara karibu yake. Na hawa wawili hawafanani hata kidogo: mtunzaji anaogopa kitabu kitoke, muuzaji anaogopa kibaki.

Fahirisi nayo ina mkono wa muuzaji. Ibn al-Nadim wa Baghdad, aliyeandika al-Fihrist mwaka 987 kuorodhesha vitabu vilivyojulikana kwa Kiarabu, alikuwa mnakili na muuza vitabu. Leo fahirisi tunaisikia zaidi kwenye habari za mfumuko wa bei; maktabani wanasema katalogi.

Kadi za katalogi zenyewe zimekwisha. Shirika la OCLC la Ohio, lililozichapia maktaba nyingi, lilichapa za mwisho Oktoba 2015. Sasa kitabu cha London kikishaorodheshwa huko, mkutubi wa Dar es Salaam ananakili taarifa zake kwenye kompyuta kwa dakika chache. Kazi inabaki kwa vya kwetu. Diwani iliyochapwa Tanga haina pa kunakiliwa. Lazima aifungue, aisome, aipe 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili kwa mpango wa Dewey, kisha aamue jina. Shaaban Robert aingie kwenye S au R? Robert ni jina la baba yake, si la ukoo kama wanavyolielewa Wazungu. Ndiyo maana utamkuta kote kuwili, na msomaji anayetafuta upande mmoja anaondoka mikono mitupu. Mimi ningemweka kwenye S.

Siku hizi baadhi ya wakutubi wanaitwa maofisa habari, cheo kinachonikumbusha mikutano ya waandishi. Juzi niliingia maktaba moja, nikajiandaa kunyamazishwa kama zamani. Mkutubi akaacha kompyuta yake, akazunguka meza, akaniambia lile lile ninaloambiwa kila nikikatiza Kariakoo: "Karibu, unatafuta nini?"