Yaliyomo: Ukurasa mdogo, historia ndefu

MWEZI uliopita nilikuwa Kiambere, Mbeere Kusini, nikiandamana na mwanafunzi wangu wa uzamili. Tasnifu yake, ambayo ameiandika kwa Kiswahili, inahusu majina ya mahali palipofunikwa na maji wakati Bwawa la Kiambere lilipojengwa katika Mto Tana na kukamilika mwaka 1988. Kabla ya kuiwasilisha chuoni, alitaka kuwaonyesha rasimu wazee waliomsimulia.

Mzee mmoja, ambaye boma la babake lilikuwa miongoni mwa yale yaliyohamishwa, aliipokea rasimu, akavaa miwani na kufungua ukurasa wa yaliyomo. Akapitisha kidole juu hadi chini. Akarudia tena. Kisha akauliza: “Mjukuu wangu, kwetu kuko wapi hapa?”

Mwanafunzi akamhakikishia kwamba kwao kumeelezwa kurasa mbili nzima katika sura ya nne.

“Huku mbele hakuko,” mzee akasema.

Na kweli hakukuwako. Nami msimamizi, niliyeipitia rasimu hiyo mara tatu, sikuwa nimeona.

Msomaji mpenzi, kabla sijaeleza kosa lilikuwa wapi, hebu tuitazame historia ya ukurasa huu ambao wengi wetu huuruka.

Ukurasa wa yaliyomo ni wa kale kuliko uchapishaji. Mnamo mwaka 77, Mrumi Plinio Mkubwa alipomaliza ensaiklopidia yake ya vitabu 37 kuhusu maumbile, kitabu cha kwanza chote alikifanya orodha ya mambo yaliyo katika vile vingine 36. Alimwambia Tito, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme, kwamba orodha hiyo ingemwokolea muda: kila mtu atafute analolitaka, asilazimike kusoma yote. Wala hakujisifu kwamba ndiye mwanzilishi. Alimtaja Valerius Soranus kuwa alimtangulia.

Huko Baghdad, mwaka 987, muuza vitabu Ibn al-Nadim aliandika orodha kubwa ya vitabu vilivyojulikana kwa Kiarabu. Aliiita Kitab al-Fihrist. Neno hilo, ambalo asili yake ni Kiajemi, ndilo lililotupa Waswahili faharasa, na pia fahirisi. Katika Kiarabu, neno moja hubeba maana mbili: orodha ya sura na orodha ya maneno yenye kurasa zake. Vitabu vingi vya Kiarabu huiweka orodha ya sura mwishoni, na hata vya Kifaransa hufanya hivyo mara nyingi. Kwa hivyo anayedhani kwamba yaliyomo lazima yatangulie, ajue kwamba hiyo ni desturi tu.

Kiswahili kiliamua kugawa kazi. Faharasa ikabaki nyuma ya kitabu, mbele pakawekwa yaliyomo. Neno hili ni tamu kisarufi. Ya- ni ya ngeli ya mambo, ingawa mambo yenyewe hayatajwi. -Li- ni kitenzi ‘kuwa’. -Yo- ni kirejeshi. Na -mo hutuambia kwamba tunazungumzia ndani. Silabi nne zimebeba sentensi nzima: mambo ambayo yamo ndani. Ahadi ni hiyo, na mzee wa Kiambere aliichukua kama ilivyo. Kama kwao hakumo katika yaliyomo, basi hakumo.

Washairi wetu wa kale hawakuhitaji ukurasa huo. Utenzi ulighaniwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi mtunzi alitaja idadi ya beti karibu na tamati, msikilizaji ajue kwamba hakuna kilichopotea. Namba za kurasa nazo ni mgeni wa baadaye: katika vitabu vya kuchapwa zilionekana kwanza Cologne, Ujerumani, mwaka 1470.

Sasa njooni karibu. Tasnifu yangu ya uzamili ilipigwa kwa taipureta miaka ya themanini. Ukurasa wa yaliyomo ulipigwa mwisho, nukta moja moja kutoka kwenye kichwa hadi kwenye namba. Msimamizi akiongeza aya moja katika sura ya pili, namba zote zilizofuata zilihama, na karani alidai malipo upya. Lakini kazi hiyo ilikuwa na faida: kila kichwa kilipita mkononi mwa mtu aliyeamua kukiandika au kukiacha.

Leo tarakilishi ndiyo huamua tusipoiangalia. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Uswidi walitupa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Hata hivyo, wanafunzi wengi ninaowaona hutumia Word ya Kiingereza, na Word isipoelekezwa vingine, huonyesha ngazi tatu tu za vichwa. Mwanafunzi wangu alikuwa amepanga sura ngazi ya kwanza, mada ya pili, eneo ya tatu, na majina ya mahali ngazi ya nne. Programu ikayakata majina yote. Maji yaliwafunika kwanza, programu ikawafunika tena.

Dawa yake ni rahisi. Kwanza, kila kichwa kipewe mtindo wa ngazi yake. Usikoleze wino tu ukadhani tarakilishi imeelewa. Pili, usipige nukta kwa mkono. Fungua dirisha la kuunda yaliyomo kwa matakwa yako, ongeza idadi ya ngazi kutoka tatu hadi nne, chagua nukta za kuongoza jicho, na namba zipangwe kulia. Tatu, rekebisha mtindo wa ngazi ya nne ndani ya orodha: uingie ndani kidogo, hati iwe ndogo lakini isomeke. Nne, kichwa cha Kiingereza kikijitokeza, kifute, uandike Yaliyomo. Mwisho, kila ukihariri, bofya ndani ya orodha, bonyeza F9, na uchague kusasisha orodha nzima, si namba za kurasa pekee. La sivyo kichwa kipya hakitaingia.

Tulifanya hivyo jioni ile ile, tarakilishi ikiwa juu ya meza ya mzee. Ukurasa mmoja wa yaliyomo ukawa mitatu. Huenda mtahini akalalamika kwamba ni mirefu mno. Nitamjibu.

Mzee alisogea, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma jina la kwao kwa sauti, akafuata nukta hadi kwenye namba.

“Sasa fungua hapo,” akasema.