Programu ya buibui iliyoishia hospitalini

Wasomaji wangu, leo sina msimbo wa kuwaonyesha, nina historia ya programu moja tu.

Mwaka 1996, mjini Seattle, Marekani, Hunter Hoffman wa Chuo Kikuu cha Washington alikuwa na SpiderWorld: jiko la kuchorwa kwa tarakilishi, lenye buibui, la kuwatibu watu wanaowaogopa viumbe hao. Unavaa kofia yenye skrini machoni, unajikuta ndani yake. David Patterson wa hospitali ya Harborview, mjini humo humo, alikuwa na shida nyingine. Mtoto aliyeungua akapandikizwa ngozi husafishwa vidonda mara kwa mara. Akilala tu, mofini humsaidia. Kidonda kikiguswa, haitoshi.

Wakashirikiana. Mwaka 2000 walichapisha habari za wavulana wawili, miaka 16 na 17, katika jarida la Pain. Hapa ndipo wananifurahisha: hawakulinganisha kofia na kukaa bure, ila na mchezo wa Nintendo! Huyo wa miaka 17 alikuwa ameungua theluthi ya mwili. Kwenye mstari wa milimita 100 wa kupimia maumivu, ndani ya kofia alishuka milimita 47 chini ya alipokuwa akicheza Nintendo.

Kwa nini? Maumivu yanahitaji usikivu wa akili, nao una kikomo, kama kumbukumbu ya mashine. Skrini ya kawaida hukuachia nafasi ya kumwona muuguzi na koleo lake. Kofia huziba kila upande.

Baadaye wakaunda SnowWorld, bonde la barafu ambamo mgonjwa anawatupia pengwini mipira ya theluji. Baridi dhidi ya moto, bila shaka. Mwaka 2004 waliwapiga picha za ubongo watu wazima wenye afya huku wakichomwa kidogo mguuni kwa joto: sehemu tano zinazohusika na maumivu zilipungua kazi.

Lakini wengine husafishwa wakiwa ndani ya beseni la maji, na nani atamfunga umeme kichwani mtu aliyelowa? Wakatengeneza kofia inayopokea picha kama mwanga, kupitia nyuzi za kioo. Mimi naona hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote.

Mofini haikuondolewa, wagonjwa waliendelea kuipata pamoja na kofia.