Kurios: bwana gani?

Ukiuliza wanafunzi maana ya neno la Kigiriki kurios, wengi watajibu mbio: ni Mungu. Wale waliosoma kidogo watasema: apana, ni heshima tu, kama monsieur ya Kifaransa. Mimi naona pande zote mbili ziko na haraka.

Fungua Matendo ya Mitume 16. Tuko Filipi, koloni la Waroma katika Makedonia. Kuna binti mtumwa anayeagua, na faida yote inaingia mifukoni mwa mabwana zake. Luka anawaita kurioi, wingi wa kurios. Hao ni wenye mali, na binti ni mali yao kisheria. Paulo anamfukuza yule pepo, faida inakatika, mabwana wanakasirika. Paulo na Sila wanapigwa fimbo, wanatupwa buloko. Usiku tetemeko linafungua milango. Mlinzi anaanguka mbele yao na kuwaita nini? Kurioi! Wafungwa wenye vidonda mgongoni wanapewa jina lile lile la wenye watumwa. Nao wanamjibu aamini Kurios mmoja, Yesu.

Sura ni moja, neno ni moja, lakini mabwana ni wa aina tatu. Kamusi peke yake haitakusaidia hapo. Lazima uangalie nani anasema na anasema na nani.

Kisha kuko siasa. Katika Matendo 25:26 liwali Festo anasema hana neno la hakika la kumwandikia kurios juu ya Paulo. Huyo ni Kaisari, na wakati ule ni Nero (54–68). Na katika Agano la Kale la Kigiriki lililotufikia, Kurios linasimama pahali pa Jina la Mungu. Kwa hiyo aliyesema "Kurios Yesu" mbele ya Waroma hakuwa anasema monsieur.

(Despotes nalo, lililozaa despote ya Kifaransa, halikuwa tusi: Simeoni anamwita Mungu hivyo, Luka 2:29.)

Kitu kimoja bado kinanishangaza. Katika Luka 5:5 Petro hasemi kurios, anasema epistates, yaani msimamizi. Biblia ya Kiswahili ya Union, ya 1952, iliandika "Bwana mkubwa". Mfanyakazi wa Katanga aliyesoma mstari huo mbele ya 1960 alikuwa na bwana mkubwa mwingine, anayemngoja kazini kesho asubuhi.